Tuwatume watoto dukani wajifunze kusema

Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka 11 kumsalimu nyanya yake Kariobangi, mtaa ambao mimi mwenyewe nililelewa. Jioni ilipoingia, nyanya alimpa noti ya shilingi 200 akamtuma duka la pili kutoka langoni alete nusu kilo ya sukari, kiberiti na chumvi. Zilipita dakika ishirini nzima. Hatimaye mtoto akarudi mikono mitupu, noti ameikunja kiganjani. Alipoulizwa kulikoni, akajibu: "Nilisimama pale lakini hakuna mtu aliyenihudumia."

Tulipochunguza tukabaini kwamba alikuwa amesimama mbele ya dirisha la duka, kimya kama maji mtungini, akimsubiri mwenye duka amtazame. Watu wazima na hata watoto wadogo kumliko walimpita, wakanunua, wakaenda zao. Yeye hakujua aanze na neno gani.

Nyanya alicheka hadi machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Mtoto huyu hupata alama nzuri katika somo la Kiswahili. Ukimpa kitenzi "uza" atakunyambulia bila kusita: uzwa, uzia, uzika, uzisha. Lakini alipolihitaji moja tu kati ya maneno hayo maishani, nalo ni "Niuzie", halikumjia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kuna shule moja ambayo sisi wazazi tuliisoma bila kujua kuwa tunasoma, na ambayo watoto wetu wengi hawajawahi kuikanyaga. Shule hiyo ni duka la mtaani.

Msomaji aliyekulia Eastlands katika miaka ya themanini au mwanzoni mwa miaka ya tisini hahitaji kuelezwa duka hilo lilivyokuwa. Kariobangi ilipangwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wenye mapato madogo, na maduka yake yaliwafaa watu hao. Lilikuwa chumba kimoja, chenye kaunta ya mbao mbele na wavu wa chuma juu yake, na katika wavu huo tundu la kupitishia mkono. Ndani mlikuwa na kila kitu. Kulikuwa na magunia ya sukari na maharagwe, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, miche ya sabuni, koroboi na tambi zake, sufuria, makarai, patipati zilizoning'inizwa kwenye misumari, sindano na nyuzi, nyembe, daftari za shule, vidonge vya kutuliza maumivu ya kichwa, na kwenye chupa ya kioo iliyowekwa juu kabisa, peremende.

Karibu kila bidhaa ilivunjwa vipande ili mwenye senti chache asirudi bure. Sabuni ilikatwa, mafuta ya kupikia yaliteguliwa kwa kijiko na kupakwa kwenye karatasi, mafuta ya taa yalipimwa kwa chupa, sigara iliuzwa moja moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha sokoni. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Siku hizi biashara ya namna hii imepewa jina la uchumi wa kadogo. Sisi tulikuwa hatuna jina lake. Tulijua tu kwamba chakula cha jioni kilitegemea safari hizo.

Kwa kuwa bidhaa hazikuwa na bei iliyobandikwa, na kwa kuwa zilikuwa nyuma ya wavu, mtoto hakuweza kununua chochote bila kusema. Hili ndilo jambo ninalotaka lizingatiwe. Mama yangu hakuniandikia orodha. Alinitamkia: sukari robo, majani ya chai ya shilingi moja, mafuta ya taa nusu chupa, na kipande cha sabuni. Niliikariri orodha hiyo njia nzima, midomo ikichezacheza, kwa maana nilijua kwamba nikikutana na wenzangu wakicheza mpira wa makaratasi, sabuni itapotea akilini kabla ya sukari. Kurudi nyumbani kuuliza tena kulikuwa na adhabu yake.

Nikifika dukani, kazi ya pili ilianza. Nilipaswa kusalimu kwanza. Mwenye duka hakuitwa kwa jina lake bali kwa jina la kifungua mimba wake, baba fulani au mama fulani, na mtoto aliyekosea hapo alionekana hana malezi. Aliyedakia "Nipe sukari!" aliachwa asimame mpaka wateja wote waishe, kisha aulizwe upya anataka nini. Hakuna aliyetueleza kanuni hiyo. Tuliisoma kutokana na muda tuliosimamishwa.

Kisha yakaja maombi yenyewe. Niuzie mkate. Nipimie mafuta ya taa. Nikatie sabuni ya shilingi mbili. Nifungie sukari vizuri isimwagike. Niongezee kidogo. Nirudishie chenji. Walimu wa Kiswahili watakuwa wameshaona jambo hapa. Vitenzi vyote hivi vimo katika kauli ile tunayoiita ya kutendea, ambayo wanafunzi huihofu wanapoikuta kwenye karatasi ya mtihani. Mtoto wa Kariobangi alikuwa ameimiliki kabla ya kuingia darasa la kwanza. Alijua kwamba kwenye "pima" na "kata" utatia irabu i, useme "pimia" na "katia", ilhali kwenye "ongeza" utatia e, useme "ongezea". Hakujua kwamba huo unaitwa upatanisho wa irabu, wala hakuwa na haja ya kujua.

Lakini sarufi si irabu peke yake. Kauli ya kutendea hubeba watu wawili: yule anayetenda na yule anayetendewa. Anayesema "nikatie" anakiri kwamba kuna mtu mbele yake mwenye kisu, mwenye hiari ya kukata kipande kikubwa au kidogo, na kwamba ukubwa wa kipande hicho unategemea kwa kiasi fulani namna alivyoombwa. Ndiyo maana tulijifunza kuomba. Neno "niongezee" lilitamkwa baada ya mizani kutulia, kwa sauti ya chini, bila kukunja uso. Likitamkwa mapema lilikuwa kelele, na likichelewa halikuwa na faida. Ukiniuliza ni wapi nilipofunzwa kwamba maneno yana wakati wake, sitataja ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu.

Sentensi iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa hii: "Mama amesema umwandikie." Kuandikiwa, kama wajuavyo wengi, ni kukopa. Mwenye duka alikuwa na daftari lake la madeni, naye aliamini kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukutani mwa maduka mengi palikuwa na tangazo: leo hakuna mkopo, njoo kesho. Tulilisoma kila siku, na kila siku lilisema kesho. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza kuhusu maneno ambayo maana yake huhama pamoja na msomaji. Hata hivyo mkopo ulikuwapo, kwa wale walioaminika. Mtoto aliyetumwa kuuomba alipaswa kusubiri watu wapungue, ainamishe sauti, aseme maneno ya mama yake na si yake, aeleze deni la awali litalipwa lini, kisha alisikie jibu na kulifikisha nyumbani bila kulipunguza makali wala kuliongeza. Kazi hiyo ya kuwa mjumbe ni nzito hata kwa mtu mzima.

Nakumbuka hasa mwaka 1993. Serikali ilikuwa imelegeza udhibiti wa bei za bidhaa muhimu, na mfumuko wa bei mwaka huo ulikaribia asilimia 46. Bei tuliyoijua ilikuwa inazeeka kabla mwezi haujaisha. Mtoto aliyetumwa na pesa kamili alirudi na bidhaa pungufu, na akalazimika kutoa hesabu: alisema nini, akajibiwa nini, na kwa nini chenji haikuwapo. Mama alinitazama machoni akitafuta dalili ya peremende. Nilijifunza kusimulia kwa mpangilio, kwa sababu masimulizi yenye pengo yaliniponza.

Sitaki mtu adhani kwamba naililia zamani. Duka lile halikuwa pepo. Mizani nyingine zilikuwa na ulemavu uliompendelea mwenyewe. Anayenunua sukari kwa robo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, kwa hiyo maskini alitozwa kwa sababu ya umaskini wake. Aibu ya kuandikiwa iliwaandama watoto hadi shuleni, kwani waliosimama nyuma yao dukani ndio walioketi nao darasani. Wapo walioitwa majina ya madeni ya wazazi wao. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo mara nyingi yalihudhuriwa na mtoto aliyetumwa. Mtu akisema kwamba supamaketi yenye bei iliyoandikwa wazi imemwondolea mnyonge udhalilifu fulani, sitambishia.

Ninachouliza ni hiki: pamoja na udhalilifu huo, tumeondoa nini kingine?

Mabadiliko haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1879, huko Lancaster katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, Frank Woolworth alifungua duka la vikorokoro ambamo kila kitu kiliuzwa kwa senti tano. Bidhaa aliziweka wazi juu ya meza, na bei ilikuwa moja, kwa hiyo mnunuzi hakuhitaji kuuliza wala kupatana. Maduka ya aina hiyo yalienea kote Marekani na Uingereza, na leo wazee wa huko huyakumbuka kwa huba kama sisi tunavyoyakumbuka yetu. Yale ya Marekani yalifungwa mwaka 1997, na ya Uingereza yakamalizika Januari 2009. Mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alipiga hatua ya pili. Katika duka lake la vyakula, Piggly Wiggly, mteja alipewa kikapu akaingia mwenyewe katikati ya rafu. Hapa kwetu, kampuni ya Uchumi iliundwa mwaka 1975, na baada yake yakaja mengine, baadhi yakaanguka na baadhi yakastawi.

Itazame hatua hiyo kwa jicho la sarufi. Kabla ya Saunders, mnunuzi alisema "nichukulie". Baada yake aliambiwa "jichukulie". Kauli ya kutendea imebaki, lakini mtu wa pili ameondoka. Kile kiambishi kidogo "ji" kimemfanya mnunuzi kuwa mtumwa na bwana wa nafsi yake. Anatenda, anajitendea, anapita kwenye mashine inayolia, anaondoka. Anaweza kufanya hivyo mwaka mzima bila kufungua kinywa.

Ajabu ni kwamba wachuuzi wetu walijua kuitumia bei moja bila kuua mazungumzo. Waliotandaza vitana, vichungi vya chai, vipini na mikanda juu ya turubai kandokando ya barabara walipaza sauti: "Kumi kumi! Kila kitu kumi!" Urudufu huo mfupi wa neno una maana ya kila kimoja kwa bei hiyo, na Mkenya yeyote aliyepita aliuelewa bila bango. Wahenga wanatuambia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mchuuzi alijua kwamba hata kizuri huhitaji mtu wa kukisemea.

Nalo duka la mtaani halijafa. Lingali pale Kariobangi, nalo huwahudumia wengi kuliko supamaketi. Kilichobadilika ni kwamba sukari na mafuta vimefungwa tayari kiwandani kwenye vijipakiti, na malipo yameingia kwenye simu. M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007 ilituokoa na mengi, na mimi ni mmoja wa walionufaika. Hata hivyo mtoto asiye na simu hawezi kutumwa, basi mzazi huenda mwenyewe au hulipa akiwa kitini. Mkopo nao umepata njia nyingine. Tangu mwaka 2019 tuna huduma ya Fuliza, ambayo humjazia mtu pesa zilizopungua anapolipa. Jina lenyewe ni Kiswahili safi, maana kufuliza ni kuendelea bila kukoma. Hakuna anayeinamisha sauti mbele ya simu. Aibu imepungua, nami nashukuru. Lakini na sanaa ya kuomba, kuahidi, kueleza na kuaminiwa nayo imepungua.

Sasa nigeukie shule, kwa sababu mzigo huu hauwezi kutupiwa wenye maduka.

Sisi tulipokuwa wanafunzi, lugha ya dukani ilipigwa vita darasani. Nilivalishwa shingoni kile kibao cha aibu, ambacho tulikiita diski, kwa kosa la kuzungumza lugha isiyokuwa Kiingereza uwanjani. Kosa lenyewe lilikuwa kumwambia mwenzangu anipunguzie bei ya kalamu aliyokuwa akiniuzia. Nilikaa nacho mpaka jioni, kisha nikavuliwa, nikaenda nyumbani, nikatumwa dukani, na lugha ile ile ikatuletea chakula. Mtoto hujifunza nini anapoadhibiwa asubuhi kwa lugha inayomlisha jioni? Hujifunza kwamba lugha ya kweli iko kwingine, na kwamba yake ni ya kufichwa.

Baadaye tukapata mtaala uliokubali kwamba lugha ina sajili. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tazama tulivyolitenda. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari amekariri sifa za sajili ya biashara: huchanganya ndimi, hutumia lugha ya kushawishi, huwa na msamiati wa bei na vipimo. Anaziandika kwa nambari, anapata alama zake, anasahau. Ni wangapi kati ya hao waliosimama sokoni na kusikiliza kwa dakika kumi? Tumeigeuza lugha iliyo hai, inayosikika nje ya dirisha la darasa, kuwa orodha ya kukariri.

Na hazina iliyoko nje ya dirisha hilo si haba. Neno duka na neno soko yametoka Kiarabu. Pesa na gunia yametoka Bara Hindi, shilingi Uingereza. Rafu moja ya dukani ni historia ya Bahari ya Hindi. Tazama pia neno "kadogo" lenyewe: Kiswahili sanifu hudunisha kwa "ki", lakini Nairobi hudunisha kwa "ka" na "tu", urithi wa lugha jirani za Kibantu kama Kikuyu na Kikamba. Sikiliza majina ya bidhaa, jinsi jina la sabuni ya unga ya kampuni moja lilivyotwaliwa likawa jina la kila sabuni ya unga. Hata majina ya noti yana simulizi. Noti ya shilingi 500 ilibandikwa jina la Jirongo wakati wa kampeni za uchaguzi wa mwaka 1992, kutokana na Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la Youth for KANU '92. Mwalimu anayeyaita haya takataka za mtaani anazika kitabu cha historia.

Mtaala wa umilisi ulioanzishwa mwaka 2017 umeweka kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa nguzo za somo la Kiswahili. Kwenye karatasi hilo linapendeza. Lakini katika shule nyingi nguzo hiyo hugeuka zoezi la kusoma kwa sauti mazungumzo yaliyoandikwa na mtu mwingine. Umilisi wa kusema haupatikani hivyo. Mtu huumiliki usemi pale ambapo asiposema hapati kitu.

Ninawaomba walimu wenzangu wajaribu jambo moja dogo. Watume wanafunzi wawili wawili kwenye duka au soko lililo karibu na shule, wabisha hodi, waombe ruhusa kwa adabu, wakae robo saa, warudi na vitenzi kumi walivyovisikia kwa masikio yao. Mnyambuliko utafundishwa kutokana na vitenzi hivyo. Watakaosikia "nipunguzie" na "niongezee" wataielewa kauli ya kutendea bila kuihofu. Wataleta pia maneno ambayo mwalimu hayajui, na hapo mwalimu atapata nafasi ya kuuliza mbele ya wanafunzi wake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na methali hiyo haikusema kwamba walimu wamesamehewa.

Nanyi wanafunzi mnaosoma makala haya, msisubiri mwalimu. Mkitumwa dukani msinung'unike.

Kwa wazazi nina neno fupi. Najua hofu zenu kuhusu barabara na usalama, nami ninazo. Lakini duka la pili kutoka langoni si safari ya mbali. Mpe mtoto pesa taslimu, usimwandikie orodha, usimpigie simu mwenye duka kumtangulizia maneno. Akirudi mikono mitupu, usimcheke. Mrudishe.

Ndivyo tulivyofanya jioni ile. Nyanya alimkalisha mwanangu kwenye kigoda, akamfundisha maneno matatu, akamtuma tena giza likianza kuingia, nami nikasimama langoni nikitazama. Sikuyasikia aliyoyasema pale dirishani. Nilichokiona ni kwamba mwenye duka aliinamisha kichwa kumsikiliza, kisha akaunyosha mkono kuelekea rafuni.